Kijiji Nilichokichora Mteremkoni

Mjukuu wangu yuko chuo, na mwaka huu wamempeleka Dar es Salaam kufanya kile wanachokiita fildi. Juzi alinipigia simu analalamika: wiki nzima anatumwa chai na kutoa kopi, kazi yenyewe haijui. Nikamwambia ashukuru Mungu, maana kutumwa chai hakujawahi kumhamisha mtu nyumba. Hakunielewa. Akacheka, simu ikakatika, nami nikabaki kibarazani hapa Sumbawanga na upepo wetu wa mwezi wa saba unaopenya hata sweta mbili, nikiwaza fildi yangu mwenyewe. Wakati wetu tuliita mafunzo kwa vitendo, na tuliyachukulia kama jambo la heshima.

Nilikuwa nasomea uchoraji wa ramani. Chuo chetu kilikuwa huko Bara, mbali na pwani, na mwanafunzi akifika mwaka wa pili alipelekwa mjini miezi michache akaone kazi inavyofanyika. Aliyerudi na taarifa mbaya kutoka kwa mkuu wa ofisi alirudishwa kwao moja kwa moja. Kwetu ni kitongoji kimoja jirani na Mwazye, kusini kabisa mwa uwanda wa Ufipa, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika Dar es Salaam. Mama alikuwa mjane. Watu wa kwetu walimwuliza mwanao anasomea nini, akawajibu, "Anasomea kuchora nchi." Wakadhani anawatania.

Kabla ya kwenda nilipata likizo fupi, mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, nikaenda nyumbani kumsaidia mama kulima ntumba. Msomaji asiye Mfipa nimweleze. Sisi hatukuwa na mbolea ya dukani, na wala hatukuitamani. Mvua zinapokaribia kwisha, majani yakiwa marefu, tunayakata pamoja na udongo wake, tunayapindua na kuyarundika mpaka yanakuwa vilima vya mviringo, kila kimoja kinafika karibu na kiuno. Hizo ndizo ntumba. Majani yanaoza ndani kiangazi chote. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unavifumua vile vilima, unausambaza udongo uliokwisha kuiva, unamwaga ulezi. Kwa hiyo ntumba ni chakula cha mwakani. Ukipita bondeni kwetu mwezi wa sita unaona vilima tupu tu, lakini mwenyewe ukimwuliza atakuonyesha ugali wake uko wapi.

Tulilima ntumba nyingi mwaka ule, mimi na mama, na jirani zetu walikuja siku mbili kutusaidia kwa pombe. Mgongo uliniuma hadi nikawa nalala kifudifudi. Mama alinicheka. "Wino umekulegeza, baba," alisema. Aliniita baba kila aliponihurumia, na pia kila aliponicheka.

Dar es Salaam nilifika mwezi wa sita. Sitaieleza sana, wengine wameieleza vya kutosha. Nitasema tu kwamba joto lilinionea. Mkono wangu ulitoka jasho, jasho likadondokea ile karatasi nyembamba ya kuchorea inayoonyesha kilicho chini yake, na wino ukavimba ukaharibu kazi ya asubuhi nzima. Kijana mwenzangu wa mafunzo, mtu wa Moshi, alinifundisha kuweka leso chini ya kiganja. Alikuwa mcheshi na mtundu. Kila mtu akinikosea ofisini, yeye alimwonya, "Mwombe radhi upesi huyu, katoka Sumbawanga, leo jioni utapigwa radi na jua linawaka." Nilichukia siku za mwanzo. Baadaye niligundua kwamba jina hilo la uchawi linanisaidia, watu walikuwa wananirudishia kalamu zangu.

Mkuu wa ofisi alikuwa na umri wa marehemu baba yangu, mtu wa pwani, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku zile tuliambiwa tuitane ndugu, mkubwa na mdogo. Mimi mwanzoni ulimi ulikataa. Siku ya kwanza nilipoitwa mezani kwake nilifanya nilivyolelewa: nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, nikasema shikamoo. Ofisi nzima iligeuka. Mkuu hakucheka. Alisema, "Marahaba. Sasa inuka, kijana. Hapa meza ziko juu."

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Nchi nzima watu walikuwa wanakusanywa, na ofisi yetu ilichora mipango ya hivyo vijiji: barabara ya kati, viwanja kulia na kushoto, shule, zahanati, ofisi ya Chama. Tulichora kwa kutazama picha zilizopigwa na ndege. Unaweka picha mbili sambamba chini ya kioo cha miguu minne, unatazama kwa macho yote mawili, na ghafla ardhi inainuka. Mlima unakuwa mlima na bonde linazama. Mara ya kwanza nilishtuka nikarudi nyuma. Nilipenda kazi ile, lazima niseme. Nilijiona mtu mkubwa, nimekaa kwenye kiti nikiitazama nchi kwa juu.

Siku moja niliwekewa mezani kazi ya kunakili kwa wino mpango uliokwisha kuchorwa kwa penseli na mchoraji mwingine. Nilitandaza karatasi. Pembeni pameandikwa Mwazye. Nikachukua kioo nikaziangalia picha zake. Nikaliona bonde letu, nikaiona njia ya kwenda chemchemi, nikaziona nyumba zetu zimebanana kama punje. Na bonde zima limejaa vidoa vya mviringo, safu kwa safu. Yule mchoraji alikuwa amezungushia mstari eneo lile na kuandika kwa mwandiko mzuri: vichuguu, hakuna watu. Kwa sababu hakuna watu, na kwa sababu ni tambarare na karibu na maji, kijiji kipya kilikuwa kimewekwa hapo hapo. Barabara ya kati ilipita juu ya ntumba za mama yangu.

Nilikaa nimeishika kalamu bila kuichovya. Picha ilikuwa ya miaka ya nyuma kidogo, lakini bonde lile lilikuwa la ntumba tangu babu zetu, na za mwaka ule nilizilima kwa mikono yangu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Watu wangehamishwa kiangazi, kabla ya mvua. Wangekata viwanja, wangechimba mashimo ya nguzo, wangekanyaga na kusawazisha kila kitu, na mvua zikija hakuna cha kufumua wala cha kumwagia ulezi. Mama angekuwa na nyumba mpya kwenye mstari ulionyooka, na mwaka mzima bila chakula.

Mwanafunzi hakatai mchoro. Hilo tuliambiwa chuoni mara nyingi, na nyumbani nililelewa kwamba mdogo hasemi mpaka aulizwe. Nilikwenda kwa mkuu hivyo hivyo.

"Ndugu Mkuu, hivi si vichuguu."

"Ni nini basi?"

"Ni chakula."

Alivua miwani. Nikamweleza yote, majani, udongo, ulezi, na jinsi kiangazi kinavyofanya kazi ndani ya kilima. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Za nani?"

"Za watu wengi. Nyingine za mama yangu."

Nilitegemea anifukuze kwa kuleta mambo ya nyumbani ofisini, au anisifu afute mstari. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Nimekuelewa. Lakini kijiji lazima kikae mahali, na watu wa vitongoji vitatu lazima waingie humo. Mimi sijawahi kufika huko. Wewe unapajua. Kiweke wewe." Akanipa penseli yake. "Umeletwa hapa kujifunza kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii, nyingine ni wino tu."

Mwenzangu wa Moshi alinipongeza kwa kunipiga bega. Mimi nilirudi mezani nikiwa nimevimba kwa fahari, nikadhani jambo limekwisha.

Lilikuwa linaanza. Niliweka kioo juu ya picha nikaanza kutafuta mahali, na kila nilipoweka penseli palikuwa na mtu. Kwenye ukingo wa mashariki yapo makaburi. Juu kidogo kuna kile kichaka cha mizimu ambamo hata kuni hatuokoti. Upande wa pili ni malisho ya ng'ombe wa kitongoji kizima, na baada yake ntumba za watu wengine, ambao nao wana mama zao. Na halafu jambo lenyewe la kukusanywa lilinikera. Sisi Wafipa tulikuwa tunakaa pamoja tangu zamani, nyumba kwa nyumba, moshi wa huyu unaingia kwa yule. Waliokuja kutuambia tukae pamoja walitukuta tumekaa. Lakini hilo si jambo la kumwambia mkuu wa ofisi, hasa ukiwa mwanafunzi.

Sehemu iliyobaki ilikuwa mteremko. Ulikuwa hauna mtu kwa sababu nzuri: udongo wake ni mwekundu na wa mawe, hauoteshi kitu cha maana, na uko juu. Kwenye karatasi, kutoka kwenye mteremko mpaka chemchemi palikuwa na nafasi ya upana wa kidole. Lakini ile mistari ya kuonyesha mwinuko ilikuwa imebanana pale hadi ikakaribia kugusana, na mimi nilikuwa nimefundishwa maana yake. Nilijua vizuri kabisa mtu akitoka majini atapanda kiasi gani.

Nilifikiri juu ya maji. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikila bila hamu. Upande mmoja njaa, upande mwingine uchovu. Nikajiambia njaa inaua na uchovu unalaliwa usingizi ukaisha. Nikajiambia wanawake wa kwetu wamezoea. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mwanamume uliyeacha kuchota maji tangu ulipoanza kuchunga ng'ombe. Halafu, ili nafsi inyamaze, nikachora katikati ya kijiji duara dogo, alama ya bomba la maji, na mstari wa nukta nukta kutoka chemchemi kupanda hadi pale. Ilipendeza.

Mkuu aliipitia kazi yangu kwa penseli. Alifika kwenye duara akasimama.

"Maji yatapandaje?"

"Kwa pampu, Ndugu."

"Itakayoletwa na nani?"

"Na serikali, Ndugu."

"Kijana, serikali ndiyo sisi hapa," alisema, akacheka kidogo peke yake, kisha akaweka saini. Mchoro ulinakiliwa, ukakunjwa kwenye mkebe mrefu, ukapelekwa Rukwa. Taarifa yake kwa chuo ilikuwa nzuri kuliko za wenzangu wote. Aliandika kwamba ninaweza kufanya uamuzi.

Kuanzia hapo sikujua kilichoendelea. Mama hakujua kusoma, na mimi sikutaka kumtumia ujumbe kwa mtu nikamtia hofu. Nilimaliza mafunzo, nikarudi chuoni, kiangazi kikapita nikiota ntumba zikikanyagwa. Mara nyingine niliota mkebe umesahaulika kwenye kabati la mtu. Nilisubiri likizo ya mwezi wa kumi na mbili kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Sumbawanga nilipata usafiri kwa mzee mmoja wa Kiislamu wa Majengo, mwenye duka na lori, ambaye alinunua maharage mpaka vijiji vyetu na aliwafahamu watu wote wa njia ile. Alinipandisha mbele kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee. Habari za kwetu?"

"Marahaba. Kwenu wamehama. Wako mlimani sasa." Alibadilisha gia, akatema mate dirishani. "Gari langu mvua ikinyesha halipandi. Mizigo wanaishusha chini, wanabeba kichwani."

"Na bondeni?" nilimwuliza. "Ntumba je?"

"Zipo. Wamekwisha kumwaga ulezi."

Niligeuza uso dirishani asinione. Nililia kwa furaha, mtu mzima mwenye ndevu zinazoanza, na yule mzee kwa adabu yake akaanza kuimba kwa sauti ya chini ili nisijisikie vibaya.

Nilifika mchana, nikashuka chini ya mteremko na kuangalia juu. Sijui nitaelezaje. Barabara ya kati ilikuwa pale nilipoichora, imepinda mahali pamoja tu kwa sababu ya jiwe kubwa ambalo picha haikulionyesha. Viwanja vilikuwa kulia na kushoto, nyumba zimesimama, nyingine bado hazijaezekwa vizuri, na moshi ulikuwa unatoka. Mchoro wangu ulikuwa unapika chakula cha mchana. Na nilipogeuka nyuma, bonde lote lilikuwa la kijani kichanga cha ulezi unaoota. Sijawahi kuona fahari kama ile tena maishani, hata siku ya harusi yangu.

Mama alikuwa na nyumba safu ya pili kutoka juu. Alikuwa amekonda. Alinipokea kwa vigelegele, akapika ugali wa ulezi wa mwaka uliopita na maharage, akanitazama nikila. Nilikuwa na hamu ya kumwambia. Maneno yalinifika mdomoni nikayarudisha, nikitaka nipate nafasi nzuri, labda majirani wakiwepo. Nje, katikati ya kijiji, palikuwa na kigingi chenye rangi nyekundu kilichopigwa na wapimaji: ndipo bomba litakapokuwa. Mama alimfunga hapo mbuzi wake.

Kesho yake mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Mama akachukua debe na ngata yake, akashuka chemchemi, nami nikamfuata kwa mazungumzo tu, mikono mfukoni. Kushuka kulikuwa kwepesi. Alijaza debe, akajitwika, tukaanza kupanda. Ile njia ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, unateleza kama sabuni. Alikuwa anapanda huku ameinama, mkono mmoja juu ya debe, mwingine unashika majani. Nilisikia pumzi yake. Hatukuwa tumefika nusu alipoteleza akapiga goti kwenye jiwe, na debe likaanguka likabingirika mpaka chini, maji yote yakamwagika.

Hakulia. Alikaa pale pale kwenye tope, akalifunika goti kwa khanga, akatazama juu kule nyumba zilikokuwa.

"Aliyepachagua hapa, baba," alisema, "hakuwa na mama."

Nilisimama mbele yake sina pa kuweka mikono. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia jambo hili kama ushindi. Nikachuchumaa, nikamwambia yote kwa Kifipa, vibaya vibaya, kwa sababu maneno ya ofisi hayapo katika lugha yetu: kwamba walitaka kujenga juu ya ntumba zake, kwamba nilikwenda kwa mkubwa nikakataa, kwamba nilipewa penseli nitafute mahali pengine, na kwamba mahali pengine ndipo hapa.

Aligeuza kichwa akatazama bondeni, kwenye ulezi wake, akatazama tena juu. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayelinganisha urefu wa watoto wawili.

"Wewe ndiye?"

"Ndimi, mama."

Aliiokota ngata pale topeni, akaikung'uta, akaniwekea kichwani mwangu, akaibonyeza ikae sawasawa. "Lifuate debe," alisema.

Nililifuata, nikalijaza, nikajitwika. Kwetu mwanamume mzima hachoti maji kwa kichwa. Watoto walinifuata wakicheka, na shingo yangu iliingia mabegani. Maji yalinimwagikia machoni njia nzima. Mama alikuwa nyuma yangu akichechemea, na kila tulipompita mtu, mwanamke kwa mwanamume, alimwambia kwa sauti ya juu, "Mwanangu huyu ndiye aliyetuchorea kijiji! Yeye mwenyewe! Dar es Salaam!" Sikuweza kugeuka kuuona uso wake. Mpaka anafariki sikumwuliza kama siku ile alikuwa akinisifu au akinishtaki.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta kibaraza kimejaa. Wanawake wa safu zote za juu walikuwa wamepita wakaacha madebe yao matupu mlangoni kwetu, bila neno, kila mmoja na ngata yake ndani. Mama alitoka nyuma yangu, akayatazama, akaingia ndani, akarudi na la kwake akaliweka pamoja na mengine. Nikaokota lililokuwa karibu, nikaanza kushuka.